Pima kwanza, bomba baadaye: shamba darasa la umwagiliaji wa matone kwenye robo eka

Robo eka ya nyanya iliyoshiba majani wakati wa kiangazi hunywa zaidi ya lita 6,000 za maji kwa siku. Weka namba hiyo kichwani kabla ya kuingia duka la pembejeo. Ukiuziwa seti ya matone yenye tenki la lita 1,000 "kwa ajili ya robo eka", maana yake utalijaza tenki hilo mara sita kila siku, na pampu, mafuta na kisima viwe vimejipanga kwa kazi hiyo. Kikundi kisichoipiga hesabu hiyo mapema huigundua wakati nyanya zinatoa maua, ambapo hakuna tena nafasi ya kurudi nyuma.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha wakulima au afisa ugani anayetaka kuendesha shamba darasa la maji. Shamba la mfano lina mita 25 kwa mita 40, yaani mita za mraba 1,000. Zao ni nyanya, na maji yanashuka yenyewe kutoka kwenye tenki lililoinuliwa. Kila hatua ina kazi ya mikono. Wanakikundi wapokezane ndoo, saa na daftari, na asiwepo mtu mmoja anayepima kila kitu huku wengine wakitazama.

Vifaa vya kupimia ni vya kawaida: ndoo ya lita 20, saa ya simu, tepu ya kupimia ya mita 50, mpira mwangavu wa maji ule mafundi ujenzi wanaotumia kupata usawa (mita 10 zinatosha), kopo lenye kuta zilizosimama wima, vikombe 16 vya plastiki vya aina moja, bomba la sindano la mifugo lenye alama za mililita, jembe, na daftari gumu.

Hatua ya 1: Jua chanzo kinatoa lita ngapi

Kama maji yanatoka kwenye bomba au pampu, jaza ndoo ya lita 20 mara tatu na andika sekunde za kila mara. Gawanya 20 kwa wastani wa sekunde. Ndoo ikijaa kwa sekunde 25, chanzo kinatoa lita 0.8 kwa sekunde, sawa na lita 2,880 kwa saa. Pima mwishoni mwa kiangazi ikiwezekana, maana chanzo kilichopimwa mwezi wa nne mvua zikiwa zimejaa kinakupa jibu la uongo kwa mwezi wa kumi.

Kisima cha kuchimba hakipimwi kwa kasi ya pampu. Pampu inaweza kutoa lita 10,000 kwa saa kwa dakika ishirini kisha ikaanza kuvuta hewa. Cha kupima ni maji yanayorudi. Vuta maji mpaka kina kishuke mita moja au zaidi, zima pampu, teremsha kamba yenye jiwe na weka alama, kisha subiri saa moja na upime tena. Kisima chenye kipenyo cha mita 1.2 kina eneo la mita za mraba 1.13 (0.6 × 0.6 × 3.14). Maji yakipanda sentimita 40 ndani ya saa hiyo, zimerudi lita 452. Kwa siku nzima hesabu inafika karibu lita 10,800, lakini usiitegemee yote: kadiri maji yanavyokaribia usawa wake wa kawaida, ndivyo yanavyopanda polepole. Kisima cha namna hii kinatosha robo eka moja ya nyanya, na hakitoshi mbili.

Kwa mfereji, tafuta kipande kilichonyooka cha mita 10, weka vijiti viwili, kisha tupa kipande cha mti mkavu juu kidogo ya kijiti cha kwanza na uhesabu sekunde hadi cha pili. Rudia mara tano. Pima upana wa maji na kina chake sehemu tatu, uchukue wastani. Upana wa mita 0.6 kwa kina cha mita 0.2 ni mita za mraba 0.12. Kipande cha mti kikitumia sekunde 25 kwa mita 10, mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha 0.12 × 0.4, kisha zidisha tena kwa 0.75, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayosuguana na udongo. Jibu ni mita za ujazo 0.036, yaani lita 36 kwa sekunde.

Kama unavuta maji mtoni, shughulikia kibali kabla ya pampu. Tanzania Bara kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde husika chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kenya ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Tanzania pia ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inayolinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo usichore shamba lako likigusa kingo kisha ukategemea kuelewana na watu wa bonde baadaye.

Bado hujamalizana na chanzo. Jaza maji kwenye chupa mwangavu, iache usiku kucha, uitazame asubuhi. Tope chini ya chupa linataka tenki la kutuamisha kabla ya chujio. Maji yaliyotoka kisimani yakiwa maangavu na asubuhi yakawa na rangi ya kutu yana madini ya chuma, na chuma ni adui mkubwa wa matundu ya matone. Yarushe hewani kama mvua yanapoingia kwenye tenki la kwanza, yatulie, kisha uvute kutoka juu. Chumvi haionekani kwa macho. Omba maabara au afisa ugani mwenye kipimo akupimie upitishaji wa umeme wa maji. Chini ya 0.7 dS/m (desisimensi kwa mita, kizio cha kipimo hicho) hakuna tatizo, kati ya 0.7 na 3.0 chagua zao kwa uangalifu, na juu ya 3.0 mazao mengi ya bustani yataumia. Nyanya huvumilia chumvi kuliko vitunguu, na vitunguu kuliko maharage.

Hatua ya 2: Jua zao linahitaji lita ngapi

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukishaelewa hapo, hesabu yote inafunguka.

Kwanza kuna kiwango cha maji ambacho jua, upepo na joto la eneo hunyonya kwa siku. Milimani kwenye ubaridi ni milimita 3 hadi 4. Nyanda kavu za joto wakati wa kiangazi ni 5 hadi 7. Pili kuna kigezo cha zao: nyanya zikiwa changa ni 0.6, zikiwa zimefunga majani na kuzaa ni 1.15, zikielekea kuisha zinashuka hadi karibu 0.8. Zidisha viwili hivyo.

Kwa eneo lenye milimita 5: nyanya zinazozaa zinataka 5 × 1.15 = milimita 5.75 kwa siku. Kwa mita za mraba 1,000 ni lita 5,750. Mfumo mzuri wa matone hupoteza karibu asilimia 10, kwa hiyo gawanya kwa 0.9 upate takriban lita 6,400. Hiyo ndiyo namba ya kupangia tenki, pampu na saa za kufungua koki. Miche ikiwa michanga hesabu ni milimita 3 tu, na kwa kuwa matone yanalowesha mstari wa miche bila kugusa njia za kupita, matumizi halisi yanakuwa chini zaidi.

Zoezi la kikundi: kila mwanachama apige hesabu hii kwa shamba lake mwenyewe, kisha ailinganishe na alichopata hatua ya kwanza. Kama chanzo hakifiki, punguza eneo hapo hapo. Nusu ya robo eka iliyoshiba huzaa vizuri kuliko robo eka nzima yenye kiu.

Hatua ya 3: Shika udongo

Chukua udongo mbichi kiganjani, ubane kati ya kidole gumba na cha shahada ukijaribu kutoa utepe. Usiotoa utepe kabisa ni kichanga. Utepe wa sentimita 2 hadi 3 ukikatika ni tifutifu. Utepe mrefu unaong'aa ni mfinyanzi. Kisha kata kopo kitako na juu libaki wazi pande zote mbili, ligongelee ardhini sentimita 10, mimina maji na upime yanavyoshuka kwa saa. Kichanga hunywa zaidi ya milimita 30 kwa saa, tifutifu 10 hadi 20, mfinyanzi 1 hadi 5. Pima baada ya udongo kuwa umelowa tayari, kwa sababu udongo mkavu hunywa kwa pupa mwanzoni na kukudanganya.

Aina ya udongo inaamua umbali kati ya matundu. Kwenye kichanga tone linashuka moja kwa moja kama msumari, hivyo chagua mipira yenye tundu kila sentimita 20. Kwenye tifutifu sentimita 30 zinatosha. Kwenye mfinyanzi maji yanatambaa pembeni, na sentimita 40 hadi 50 zinakutana bila shida.

Hatua ya 4: Kimo cha tenki, mahali pesa nyingi hupotea

Kila mita 10 za kimo hutoa presha ya bar 1. Tenki ambalo kitako chake kiko mita 2 juu ya shamba linatoa bar 0.2 tu. Sasa soma lebo ya mpira wa matone: lita 1.6 kwa saa iliyoandikwa pale ni kwa bar 1. Kwa matundu ya kawaida, kimo kikipungua mara nne, matone yanapungua mara mbili. Tundu la lita 1.6 litatoa takriban lita 1.1 kwenye kimo cha mita 5, lita 0.72 kwenye mita 2, na lita 0.5 kwenye mita 1.

Hili si tatizo, mradi ulijue. Shamba letu lina mistari 32 ya mita 25, umbali wa mita 1.25 kati ya mstari na mstari. Tundu likiwa kila sentimita 30, kila mstari una matundu 83, jumla 2,656. Kwa lita 0.72 kila moja, shamba lote linatoa takriban lita 1,900 kwa saa, na lita 6,400 zinatoka kwa saa 3 na dakika 20 hivi. Mtu anayeamini lebo atafungua kwa saa moja na nusu na kufunga, akidhani amemwaga maji ya kutosha kumbe ameupa mmea chini ya nusu ya chakula chake.

Kuna pia matundu yanayojirekebisha presha. Ni mazuri kwenye mteremko, lakini mengi yanahitaji bar 0.5 na kuendelea ili yafanye kazi. Chini ya tenki la mita 2 usiyanunue.

Bomba kuu nalo linakula kimo. Lita 1,900 kwa saa zikipita kwenye bomba la plastiki nyeusi la milimita 32, zinapoteza takriban mita 3 za kimo kila mita 100. Kwenye bomba la milimita 50 zinapoteza kama sentimita 30 tu. Mwenye mita 2 za kimo hawezi kumudu bomba jembamba. Nunua la milimita 50, na ikiwezekana lilishe kutoka katikati ya upande wa mita 40 badala ya kona, ili maji yagawanyike kulia na kushoto.

Jukwaa la tenki: lita 5,000 ni tani 5, bila kuhesabu tenki lenyewe. Nguzo za miti zilizofungwa kwa misumari hazifai hata kidogo, na tenki linaloanguka linaua. Jenga kwa mawe au matofali yaliyojazwa ndani, juu ukimwaga zege lenye nondo, na uso wake uwe sawa kabisa, kwa sababu tenki la plastiki lililoketi juu ya jiwe lililochomoza hupasuka kitako. Kama kuna kilima jirani, jenga tenki ardhini juu ya kilima na uokoe gharama yote hiyo. Wapare walilijua hili zamani: ndiva zao, yaani mabwawa madogo ya kuhifadhia maji, huchimbwa juu ya mashamba, zijae usiku na kufunguliwa asubuhi.

Tenki liwe jeusi na lifunikwe. Mwanga ukiingia, mwani unaota ndani ya wiki chache.

Hatua ya 5: Kufunga mfumo

Andaa matuta kwanza, changanya samadi, pata usawa kwa mpira wa maji. Mistari ya matone ifuate usawa wa ardhi au iteremke kidogo, na bomba kuu likae upande wa juu.

Kutoka kwenye tenki mpangilio ni huu: tundu la kutolea maji sentimita 10 juu ya kitako ili tope libaki chini, koki kubwa, yunioni (kiungo kinachofunguka bila kukata bomba), chujio, halafu bomba kuu. Weka tundu la pili kwenye kitako kabisa kwa ajili ya kufulia tope. Chujio la diski lenye wavu wa 120 (mikroni 130) linafaa. Chukua lenye mdomo wa inchi moja na nusu, hata kama la robo tatu ni rahisi, kwani dogo linabana maji na kimo chako ni kidogo tayari. Mshale uliochorwa kwenye chujio uelekee shambani. Nyuzi zote zungushia tepu nyeupe ya fundi bomba, mizunguko 8 hadi 10, kwa kufuata mwelekeo wa kukaza.

Chimba mtaro wa sentimita 40 kwa bomba kuu, usiufukie bado. Igawe njia mara mbili baada ya chujio, kila upande na koki yake, ili uweze kumwagilia mistari 16 kwa zamu. Maji yanayopita kila zamu yanakuwa nusu, na msuguano kwenye mabomba unapungua sana.

Toboa bomba kila mita 1.25, kwa drili yenye kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti ya raba za kuzibia kiungo cha mpira na bomba. Tundu likizidi hata milimita moja litavuja msimu mzima. Matundu yote yakae kwenye mstari mmoja ulionyooka, na ukimaliza toa vipande vya plastiki vilivyobaki ndani.

Kabla ya kuunganisha mpira hata mmoja, fungua ncha za bomba kuu na uache maji yapite kwa nguvu mpaka yawe maangavu. Hatua hii huchukua dakika kumi na ndiyo inayorukwa zaidi. Mabaki ya plastiki, mchanga na gundi ambayo hayakutoka hapa yataingia kwenye mipira, na kule hayatoki tena.

Ingiza raba, kisha konekta, kisha mpira wa milimita 16. Ukiwa mgumu, chovya ncha kwenye maji ya moto kwa sekunde chache. Usitumie mafuta. Tandaza mpira huku matundu yakitazama juu, kwa sababu uchafu hutulia chini ya mpira, na koki inapofungwa mpira huvuta hewa badala ya kunyonya tope. Acha mlegeo wa sentimita 30 hadi 50 kila mstari. Mpira hurefuka mchana na kusinyaa usiku, na uliovutwa kama kamba ya gitaa utachomoka kwenye konekta wiki ya kwanza. Fungua maji ncha zikiwa wazi, subiri yatoke safi, ndipo uzikunje na kuzifunga.

Hatua ya 6: Pima usawa

Chagua mistari minne: wa karibu na tenki, miwili ya kati, na wa mbali kabisa. Kwenye kila mstari tega vikombe vinne: mwanzoni, theluthi ya kwanza, theluthi ya pili na mwishoni. Fungua koki, subiri presha itulie, tega vyote kwa dakika 15, kisha pima kila kikombe kwa bomba la sindano na uandike.

Tafuta wastani wa vikombe vyote 16. Halafu tafuta wastani wa vikombe vinne vyenye maji machache zaidi. Gawanya wa pili kwa wa kwanza. Wastani wa jumla ukiwa mililita 180 na wa vile vinne ukiwa 150, usawa ni asilimia 83. Juu ya 90 ni vizuri sana, 80 hadi 90 endelea, chini ya 70 usipande kitu mpaka urekebishe.

Yasome majibu kwa kuangalia mahali yalipo. Maji yakipungua mwishoni mwa mistari yote, mistari ni mirefu mno. Mistari ya mbali na tenki ikipata kidogo kuliko ya karibu, bomba kuu ni jembamba. Mstari mmoja tu ukiwa dhaifu, tafuta mpira uliojikunja au konekta iliyozibwa na kipande cha plastiki. Vikombe vichache vikiwa vikavu bila mpangilio, matundu yameziba. Upande wa chini wa mteremko ukijaza kuliko wa juu, funga koki ya upande huo nusu au uumwagilie kwa zamu fupi.

Presha ndogo namna hii haisomeki kwenye geji za kawaida. Tumia mpira mwangavu: uunganishe mwishoni mwa mstari, uinue taratibu mpaka maji yaache kutoka juu yake. Urefu kutoka ardhini hadi usawa wa maji ndiyo kimo chako halisi pale. Fanya hivyo pia kabla na baada ya chujio. Tofauti ikizidi ile uliyoandika siku ya kwanza, chujio limechafuka.

Hatua ya 7: Kuendesha siku kwa siku

Saa 2 baada ya kufunga koki, chimba shimo kando ya tundu na uangalie maji yamefika wapi. Rudia siku ya pili mahali pengine. Nyanya hutumia zaidi udongo wa sentimita 60 za juu. Unyevu ukiwa umepita hapo, unalipia mafuta ya kupeleka mbolea mahali ambapo mizizi haifiki. Ukiwa umeishia sentimita 20, mizizi itabaki juu na mmea utanyauka siku yoyote ambayo pampu itaharibika.

Kwenye kichanga gawanya maji ya siku mara mbili, asubuhi na jioni. Kwenye tifutifu mara moja kwa siku inatosha. Kwenye mfinyanzi kila siku ya pili ni bora kuliko kila siku, mizizi ipate hewa. Majani ya chini yakigeuka njano huku udongo umelowa, umezidisha: naitrojeni imezama na mizizi inakosa hewa. Nyanya zikioza kitako, mara nyingi ni maji ya leo mengi, kesho hamna, jambo linalouzuia mmea kusafirisha kalsiamu hadi kwenye tunda.

Kwenye skimu za Kiwere na Magozi mkoani Iringa, wakulima walitumia vipimo vya unyevu viitwavyo Chameleon, vinavyowaka bluu udongo ukiwa na maji mengi, kijani ukiwa na unyevu wa kutosha na nyekundu ukikauka. Walipoona bluu inaendelea kuwaka, walianza kuruka baadhi ya zamu, kwani kumbe walikuwa wanamwagilia udongo ulioshiba. Shimo la jembe na mkono vinafundisha jambo hilo hilo, mradi uchimbe kweli na usikisie kwa kuangalia vumbi la juu.

Mvua ipimwe kwa rula na kopo jingine lenye kuta wima na kitako chake. Milimita 10 kwenye shamba hili ni lita 10,000, zaidi ya mahitaji ya siku nzima. Chini ya milimita 5 usiihesabu, hukauka juu juu.

Daftari liwe na safu tano: tarehe, saa ya kufungua na kufunga, kina cha tenki kabla na baada, mvua, na kina cha unyevu kwenye shimo. Kina cha tenki ndicho mlinzi wako. Zamu iliyokuwa inashusha tenki sentimita 80 ikianza kushusha 60 kwa muda ule ule, matundu yanaziba, hata kama macho hayajaona kitu. Ikishusha 100, mahali fulani kuna mpasuko.

Mbolea na kuziba

Venturi ya kunyonyea mbolea haifanyi kazi kwenye tenki la mita 2, presha haitoshi. Yeyusha mbolea kwenye ndoo, ichuje kwa kitambaa, uimimine kwenye tenki lenye maji ya saa ya mwisho. Mwagilia maji matupu kwanza, kisha yenye mbolea, kisha maji matupu tena kwa dakika 20 hadi 30 ili kusafisha mipira. Urea huyeyuka vizuri. DAP na TSP huacha mashapo, ziweke ardhini wakati wa kupanda. CAN nayo ina unga wa chokaa usioyeyuka. Kalsiamu naitreti usiichanganye kwenye ndoo moja na mbolea yenye fosfeti au salfeti: vinagandana papo hapo kuwa chembe nyeupe zinazoziba kila tundu. Kama hujui, changanya kwenye chupa safi, subiri saa moja, utazame kama maji yamepata ukungu. Na maji yenye mbolea yasiweze kurudi kisimani: bomba la kujazia liishie juu ya usawa wa maji ya tenki, lisizame ndani.

Chujio lioshwe kila siku wiki ya kwanza, baadaye mara mbili kwa wiki au zaidi kama maji ni ya mto. Ncha za mipira zifunguliwe kila wiki mbili, mistari mitatu au minne kwa wakati mmoja ili maji yawe na kasi. Utelezi wa kijani au wa rangi ya maziwa ni mwani na bakteria: mililita 300 za dawa ya kufulia yenye klorini asilimia 3.5, kwenye lita 1,000 za maji, hutoa takriban miligramu 10 za klorini kwa lita. Jaza mipira, funga saa kadhaa, kisha fungua ncha uyatoe yote. Dawa hiyo isikutane kamwe na siki, asidi wala mbolea, gesi inayotoka ni sumu. Magamba meupe kwenye diski na konekta ni chokaa, yaloweke kwenye siki peke yake.

Kama kikundi kina mfereji

Vipimo vile vile vinasaidia kugawa zamu. Eka moja ikitaka milimita 50, hiyo ni takriban mita za ujazo 200. Mfereji wa lita 36 kwa sekunde ungeileta kwa saa moja na nusu, lakini kwenye mifereji ya udongo karibu nusu hupotea njiani na shambani, kwa hiyo mpangie mwenye eka saa tatu. Wa mkiani aongezewe muda, maana maji yake yametembea zaidi. Zamu inayogawanywa kwa saa bila kupima mtiririko ndiyo chimbuko la ugomvi: mwenye zamu ya saa nane mchana, baada ya watu wa juu kufungulia, hapati maji yale yale ya saa kumi na mbili asubuhi. Pimeni kwa kipande cha mti mara nne kwa siku kwa wiki moja, muandike ubaoni, ndipo mpange.

Mwisho wa msimu

Safisha mipira kwa maji yenye klorini, itoe maji yote, funga ncha zote mbili. Usiikunje pembe. Izungushe kwenye gurudumu pana la nusu mita au zaidi, ifunge kwa kamba laini, andika namba ya mstari na usawa uliopimwa. Itundike juu ya dari au kwenye waya, mbali na jua na mbali na panya, ambao hutafuna mipira hata ikiwa mikavu. Msimu ukirudi, tega vikombe 16 upya kabla ya kupanda.